Otranto, Baroni wa Reeve, Udolpho au The Monk: uanze na riwaya ipi ya Kigothi?

Msomaji anayetaka kuijua riwaya ya Kigothi, yaani riwaya ya kutisha ya makasri, siri na mizuka, tangu chimbuko lake huelekezwa karibu kila mara kwenye The Castle of Otranto ya Horace Walpole, kwa hoja kwamba hiyo ndiyo ya kwanza. Hoja ni ya kweli, lakini haimwandai kwa yale atakayoyakuta. Kabla hajamaliza kurasa chache za mwanzo, kofia ya chuma ya kivita, kubwa mara mia kuliko yoyote iliyopata kutengenezwa kwa ajili ya binadamu, imekwisha kuanguka uani na kumponda bwana harusi, na msomaji hajui kama anatakiwa aogope au acheke. Wapo wanaokifunga kitabu papo hapo wakaamini kwamba fasihi yote ya aina hiyo haiwafai, ilhali kilichowashinda ni kitabu kimoja tu, tena ambacho hata wafuasi wa Walpole mwenyewe walikilalamikia.

Ulinganisho huu unahusu vitabu vinne vya Kiingereza vilivyotoka kati ya mwaka 1764 na 1796: Otranto yenyewe, The Old English Baron ya Clara Reeve, The Mysteries of Udolpho ya Ann Radcliffe, na The Monk ya Matthew Lewis. Vathek ya William Beckford, iliyotoka mwaka 1786, huwekwa mara nyingi katika kundi hili, lakini nimeiacha kwa sababu inazifuata hadithi za Alfu Lela Ulela zaidi kuliko makasri ya Ulaya, na ingestahili kupimwa pamoja na jamaa zake. Haki miliki za vitabu vyote vinne zilikwisha zamani na vinapatikana bure mtandaoni katika maktaba ya Project Gutenberg, kwa hiyo bei haimo katika hesabu.

Vigezo

Nimevipima vitabu hivi kwa mambo manne yaleyale. La kwanza ni urefu na lugha, kwa maana Kiingereza cha karne ya 18 kinaweza kumchosha hata msomaji hodari. La pili ni namna kila mwandishi anavyoyatumia maajabu, yaani mizuka, sauti, ishara na miujiza. La tatu ni wahusika na msuko, na la nne ni mahali pa kitabu katika historia ya fasihi. Kigezo cha pili nimekipa nafasi kubwa, kwa sababu ndicho waandishi hawa walichobishania wao kwa wao, na mtu akishajua yuko upande gani katika ubishi huo, uchaguzi wake huwa umekaribia kukamilika.

Vitabu vyenyewe

Otranto inasimulia habari za Manfred, mtawala wa Otranto kusini mwa Italia, ambaye babu yake aliipata milki hiyo kwa kumuua bwana wake kwa sumu. Mwanawe Conrad anapokufa chini ya ile kofia siku ya harusi yake, Manfred anaazimia kumtaliki mkewe Hippolita ili amwoe Isabella, mchumba wa marehemu, apate mrithi. Isabella anatoroka kwa kupitia njia za chini ya kasri, na tangu hapo kisa hakitulii hadi ukurasa wa mwisho.

The Old English Baron inahamia Uingereza, wakati wa utawala wa Mfalme Henry wa Sita. Kijana Edmund Twyford, aliyelelewa na wakulima, anapata fadhila za Baroni Fitz-Owen na wivu wa jamaa zake. Anatakiwa alale usiku tatu katika vyumba vya upande wa mashariki wa jumba, ambavyo watumishi wanaviogopa, na humo anaanza kugundua ukweli kuhusu wazazi wake na kuhusu mwenye haki ya jumba hilo.

Udolpho inaanza mwaka 1584 huko Gascony, kusini mwa Ufaransa. Emily St. Aubert, baada ya kufiwa na wazazi, anawekwa chini ya ulinzi wa shangazi yake, naye shangazi anaolewa na Montoni, Mwitaliano mwenye tamaa ya mali. Emily anatenganishwa na mpenzi wake Valancourt, anapelekwa Venice, kisha kwenye kasri la Udolpho katika milima ya Apennini, ambako Montoni anaitumia hofu kama chombo cha kuwanyang'anya wanawake hawa mali zao.

The Monk iko Madrid. Ambrosio, abate wa Wakapuchini ambaye mji mzima unamsifu kwa utakatifu, anaangushwa na Matilda, mwanamke aliyeingia monasterini kwa mavazi ya kiume, na kila dhambi inamsukuma kwenye nyingine iliyo mbaya zaidi. Sambamba na kisa chake kinakwenda kisa cha Raymond na Agnes, binti ambaye mama mkuu wa nyumba ya watawa anamfungia chini ya ardhi.

Urefu na lugha

Kwa kigezo hiki tofauti ni kubwa mno. Otranto ina sura tano na kurasa mia moja na ushei, na inasomeka kwa siku mbili. Ugumu wake ni kwamba matoleo yanayofuata chapa ya kale huyamwaga mazungumzo mfululizo ndani ya aya bila alama za kunukuu, na msomaji hupotea asijue nani anasema. Afadhali atafutwe mchapishaji aliyeyatenga mazungumzo. Kitabu cha Reeve ni kirefu kidogo kuliko hicho, na sentensi zake ndizo nyepesi kuliko zote, za mtu anayetaka kueleweka kwanza na kupendeza baadaye.

The Monk, iliyotoka kwa juzuu tatu, ni ndefu zaidi ya mara mbili ya kitabu cha Reeve, lakini inakimbia. Lewis ana jicho la mtu wa jukwaani (baadaye aliandika tamthilia nyingi), na mara nyingi hukata tukio pale msomaji anapotamani liendelee.

Udolpho ndiyo mzigo halisi. Juzuu nne, zaidi ya kurasa 600 katika matoleo mengi ya leo, vipande vya mashairi ya watu wengine juu ya kila sura na mashairi ya Radcliffe mwenyewe katikati ya hadithi, pamoja na maelezo marefu ya milima, machweo na misitu. Emily hafiki Udolpho hadi juzuu ya pili. Msomaji asiyependa kuelezewa mandhari atateseka, na si vema kumficha. Hata hivyo, ni haki kusema kwamba mandhari hayo ni sehemu ya fani yake. Radcliffe, ambaye hakuwahi kufika Italia, anaijenga milima ile polepole mpaka msomaji aone jinsi mtu anavyokuwa mdogo na jinsi msaada ulivyo mbali, na hapo ndipo mlango wa kasri unapofunguliwa.

Maajabu: yaonyeshwe, yapunguzwe, yafafanuliwe, au yaachiliwe?

Walpole anaonyesha kila kitu, mapema, na hafafanui chochote. Picha ya babu yake Manfred inashusha pumzi, inatoka katika fremu yake na kutembea. Sanamu ya Alfonso, bwana aliyeuawa, inatokwa matone matatu ya damu puani. Watu wapatao mia moja wanaleta upanga mkubwa ajabu, unaolingana na ile kofia. Barua ambayo Walpole alimwandikia rafiki yake William Cole mwezi Machi 1765 inaeleza chanzo: aliota yumo ndani ya kasri la kale, akaona juu ya ngazi kuu mkono mkubwa uliovaa deraya, na jioni ya siku hiyo akaanza kuandika bila kujua anakwenda wapi. Kitabu kinabaki na mantiki hiyo ya ndoto, ambamo jambo kubwa hutokea ghafla na hakuna anayesimama kuuliza limewezekanaje. Wasomaji wa kwanza hawakucheka wote. Mshairi Thomas Gray alimwandikia Walpole kutoka Cambridge kwamba wenzake kadhaa walitokwa machozi na kwamba wote waliogopa kwenda kulala.

Reeve ndiye aliyesema waziwazi kile ambacho msomaji wa leo anakihisi. Katika dibaji yake anakiri kwamba kitabu chake ni mtoto wa Otranto, kisha anamkosoa baba. Anasema mzuka unaweza kukubalika, hata upanga na kofia zenye nguvu za ajabu zinaweza kukubalika, ila vyote sharti vikae ndani ya mpaka wa yale yanayoweza kuaminiwa. Ukubwa ukizidi, kazi ya kufikiri inavunjika na msomaji anaishia kucheka. Kwa hiyo yeye anatumia milio chini ya sakafu, ndoto, milango inayofunguka yenyewe, deraya yenye damu, na roho chache zinazotokea kwa staha. Matokeo ni hadithi inayoaminika na isiyotisha sana. Walpole hakufurahi. Alimwandikia mwenzake mwaka 1778 kwamba kisa hicho kinaaminika kiasi kwamba kesi yoyote ya mauaji katika mahakama ya Old Bailey ingevutia zaidi. Maneno hayo ni makali, na yana ukweli kidogo. Lakini yametoka kwa mtu aliyekosolewa, na yapokewe hivyo.

Radcliffe alichagua njia ya tatu. Anamwacha msomaji aogope kana kwamba mizuka ipo, anairefusha taharuki kwa mamia ya kurasa, kisha anatoa maelezo ya kawaida: sauti ilikuwa ya mtu, mwanga ulikuwa na chanzo, mlango ulikuwa na mkono nyuma yake. Mfano unaotajwa kuliko yote ni pazia jeusi ambalo Emily analifunua ndani ya kasri, akaona kitu na kuzirai, na msomaji haambiwi ni nini mpaka karibu na mwisho wa kitabu. Sitaitoboa siri hiyo, na anayekusudia kuisoma Udolpho asiitafute jibu lake mapema, kwa maana nusu ya raha imo humo. Wapo wanaoona kwamba maelezo yanayokuja mwishoni hayalingani na hofu iliyotangulia, na malalamiko hayo ni ya tangu enzi za Radcliffe. Kwa upande wangu, naona kwamba hofu ya kweli ya Udolpho haiko kwenye mizuka kabisa. Iko kwa Montoni, mwanamume mwenye sheria, ndoa na kuta nene upande wake, na hakuna maelezo yanayoifuta hofu hiyo. Msomaji wa Kiswahili aliyemfuata Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, akaona jinsi mambo yanayodhaniwa kuwa ya mizimu yanavyofumbuliwa kwa akili, atakuta hapa raha ya jamii moja, ingawa mwendo wake ni wa taratibu sana.

Lewis alikataa adabu hiyo yote. Katika The Monk mtawa wa kike mwenye kutoka damu ni mzuka wa kweli, Shetani ni Shetani wa kweli, na maiti haifunikwi na pazia: inaelezwa mpaka funza. Kama Walpole, haombi radhi kwa maajabu yake, lakini mambo ambayo kwa Walpole ni makubwa na ya mbali, kwa Lewis yako karibu, yana nyama na harufu. Radcliffe aliacha maandishi, yaliyochapishwa mwaka 1826 baada ya kifo chake, ambamo anatenga hofu ya aina mbili: ile inayoipanua nafsi na kuziamsha hisi kwa kutoona bayana, na ile inayoikunja nafsi na kuigandisha kwa kuonyeshwa kila kitu. Hakumtaja Lewis, lakini wahakiki wengi wamewagawa wawili hao kwa mizani hiyo, na msomaji anaweza kuitumia kujichunguza: ni ipi kati ya hofu hizo inayompendeza?

Wahusika na msuko

Wahusika wa Otranto ni wa kutazamwa kwa mbali. Theodore, kijana anayemsaidia Isabella kutoroka, ni mwema kama vijana wema wote wa visa vya kale, na wanawake wanatii au wanakimbia. Anayebaki akilini ni Manfred, kwa kuwa ni dhalimu anayejua kwamba anadhulumu na kuna nyakati anakaribia kutubu. Watumishi wana nafasi kubwa kuliko inavyotarajiwa: Bianca, mjakazi mwenye maneno mengi, anachekesha kwa makusudi, na Walpole alijitetea kwa kumtaja Shakespeare, aliyechanganya wachekeshaji na wafalme, dhidi ya mwandishi Mfaransa Voltaire aliyeulaumu mchanganyiko huo. Hivyo basi kicheko cha msomaji wa leo hakitoki chote kwenye kasoro; kingine kilipangwa.

Kwa Reeve, wema wote ni wema na siri zinafichuka mapema, kisha kurasa nyingi za mwisho zinashughulikia mgawanyo wa mali, fidia na ndoa kwa uangalifu wa mwanasheria. Sehemu hiyo humchosha mpenda visa, ingawa mtu anayependa kuona haki ikitendeka hatua kwa hatua anaweza kuifurahia.

Emily wa Udolpho huzirai na kulia mara nyingi mno kwa ladha ya leo, lakini anakataa kutia saini hati za kumwachia Montoni mali yake, na ukaidi wake wa utulivu ndio uti wa riwaya. Ambrosio ndiye mhusika mwenye kina kuliko wote wa vitabu hivi vinne. Ameumbwa na malezi ya monasteri yaliyomfundisha kiburi badala ya huruma, na anguko lake linaaminika hata pale mazingira yake yasipoaminika.

Kuna jambo moja ambalo msomaji, hasa Mkatoliki, ajue mapema. Waandishi hawa walikuwa Waprotestanti wa Uingereza waliozitumia Italia, Uhispania na Ufaransa kama nchi za watawa wenye siri na makasisi wenye hila. Kwa Lewis jambo hili ni kali zaidi, kwa Radcliffe ni la wastani, na kwa Walpole linajitokeza tangu dibaji ya toleo la kwanza. Reeve, aliyekibakiza kisa chake Uingereza, ndiye anayeudhi kidogo kuliko wote.

Mahali pake katika historia ya fasihi

Hapa Otranto haina mshindani kwa tarehe, na hadithi ya kutoka kwake ni nzuri kama kisa chenyewe. Ilianza kuuzwa London tarehe 24 Desemba 1764, nakala 500, bila jina la Walpole. Ilijidai kuwa tafsiri iliyofanywa na bwana aitwaye William Marshal, kutoka Kiitaliano cha kasisi Onuphrio Muralto, ya kitabu kilichochapwa Naples mwaka 1529 na kukutwa katika maktaba ya familia ya Kikatoliki kaskazini mwa Uingereza. Hakukuwa na kasisi, wala mfasiri, wala chapa ya Naples. Walpole alikuwa mbunge, mwana wa Robert Walpole anayehesabiwa kuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uingereza, na alikuwa na mengi ya kupoteza kama angechekwa. Alikuwa pia amejijengea nyumba yenye minara na madirisha ya mtindo wa zama za kati, Strawberry Hill huko Twickenham, yenye mtambo wake wa uchapaji, lakini kitabu hiki alikipeleka kwingine.

Kitabu kilipopendwa, alijitokeza. Toleo la pili, la mwaka 1765, lilikuwa na herufi za jina lake na maneno mapya chini ya anwani, yakikiita hadithi ya Kigothi. Ni kutoka hapo aina nzima ya riwaya ilipata jina. Dibaji mpya ilieleza nia yake: kuunganisha visa vya kale, ambamo fikra ziliruka bila kujali maisha, na riwaya mpya za wakati wake, ambamo maisha yaliigwa mpaka fikra zikakauka. Jarida la Monthly Review, lililokisamehe kitabu lilipodhani ni cha kale, lilimgeukia mwandishi lilipojua kwamba ni mtu wa zama zake. Robert Jephson alikigeuza kuwa tamthilia mwaka 1781, na mwandishi Walter Scott alikiandikia utangulizi mwaka 1811. Kasri lenye siri, mnyakuzi wa urithi, utabiri, binti anayekimbia gizani, njia za chini ya ardhi, picha inayotazama: vyote vilikuwa tayari mezani mwaka 1764. Naona lakini kwamba umuhimu huo ni wa mtu aliyevumbua kanuni za mchezo ambao wengine waliucheza vizuri zaidi, na anayetafuta ubora wa kusoma asilazimishwe na heshima ya tarehe.

Kitabu cha Reeve kilitoka kwanza mwaka 1777 kwa jina la The Champion of Virtue, kikapewa jina la sasa mwaka uliofuata, na kilichapwa tena na tena kwa miaka mingi. Nafasi yake ni ya kiungo. Bila mjadala wake kuhusu mipaka ya maajabu, hatua kutoka kwa Walpole hadi kwa Radcliffe ni vigumu kuieleza.

Radcliffe alizaliwa mwaka 1764, mwaka uleule wa Otranto. Kwa Udolpho alilipwa pauni 500, na kwa The Italian ya mwaka 1797 pauni 800, fedha nyingi sana kwa riwaya wakati huo. Aliifanya aina hii isomwe na watu waheshimiwa bila kuona haya, na kipimo cha umaarufu wake ni kwamba mwandishi Jane Austen alijenga Northanger Abbey, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1817, juu ya msichana aliyeisoma Udolpho hata akaanza kuviona vitisho vyake katika nyumba ya watu wa kawaida. Dhihaka hiyo haieleweki vizuri kwa asiyeijua Udolpho, na kwa anayeijua inaonekana kuwa na upendo ndani yake.

Lewis aliisoma Udolpho alipokuwa bado kijana kwenye ubalozi wa Uingereza huko The Hague, na The Monk, kwa maelezo yake, aliiandika kwa wiki kumi. Ilitoka mwaka 1796 bila jina lake. Toleo la pili lilipoonyesha kwamba mwandishi ni mbunge, kelele zilizidi. Mshairi Coleridge, katika jarida la Critical Review la Februari 1797, aliusifu uwezo wa mwandishi lakini akasema kwamba mzazi angekuwa na haki ya kubadilika rangi akikiona kitabu hicho mikononi mwa mwanawe, na Lewis akalazimika kutoa toleo lililopunguzwa mwaka 1798. The Italian ya Radcliffe husomwa kama jibu lake kwa Lewis. Nchini Ufaransa, mwandishi Sade aliandika mwaka 1800 kwamba riwaya za namna hii zilikuwa tunda la misukosuko ya mapinduzi, na The Monk aliiweka juu ya nyingine. Nchini Ujerumani, mwandishi E. T. A. Hoffmann alifuata nyayo zake waziwazi.

Kila kimoja na msomaji wake

Otranto inamfaa mwenye udadisi wa chanzo, anayeweza kusoma kitu cha ajabu bila kudai kiaminike. The Old English Baron inamfaa mwenye kupenda kisa cha urithi na haki, na mwanafunzi anayetaka kuona mabishano ya kihakiki yakigeuka kuwa riwaya. Udolpho inamfaa msomaji mwenye subira, anayependa hali ya hewa ya kitabu kuliko matukio yake. The Monk inamfaa aliyekwisha kuzoea fasihi ya kutisha na ambaye hazuiliki na ukatili. Humo mna ubakaji, ndugu wa damu kudhulumiana bila kujuana, mauaji ya mzazi na kifo cha mtoto mchanga.

Kulingana na hali yako

Ikiwa una mwisho wa wiki mmoja tu, soma Otranto, lakini anza na dibaji ya toleo la pili ili ujue mwandishi alikusudia nini kabla ya kofia kuanguka. Ikiwa ulikwisha kuijaribu ikakushinda, usirudi kwake kwanza. Nenda kwa Lewis kama kilichokukera ni ubaridi wa wahusika, au kwa Radcliffe kama ni wingi wa miujiza.

Mwalimu wa sekondari anayetafuta kitabu cha darasani ana chaguo mbili zisizomletea matatizo na wazazi, Otranto na kitabu cha Reeve, na kuzisoma pamoja kunawapa wanafunzi mjadala wa tayari: nani ana haki kati ya Walpole na mkosoaji wake? The Monk aiache hadi chuo kikuu. Mwanafunzi wa chuo mwenye tasnifu kuhusu wanawake, ndoa na mali atapata mengi kwa Radcliffe kuliko kwa wengine watatu, na anayechunguza dini na unafiki atapata mengi kwa Lewis, mradi apime pia chuki ya kidini iliyomo.

Aliyekuja hapa baada ya kusoma Frankenstein ya mwaka 1818 au Dracula ya mwaka 1897, akitaka kurudi nyuma, huenda akaikuta The Monk ndiyo iliyo karibu na alichokipenda. Mpenzi wa Jane Austen aisome Udolpho kabla ya kuirudia Northanger Abbey, hata ikibidi ayapite mashairi. Kundi la wasomaji linalokutana kila mwezi haliwezi kuimaliza Udolpho kwa kikao kimoja. Liigawe kwa juzuu, au lichague The Monk, ambayo haijawahi kukosa wa kuibishia.

Na anayekusudia kuvisoma vyote vinne, mfuatano wa miaka si lazima. Otranto kwanza, kwa kuwa ni fupi, kisha Udolpho wakati nguvu bado zipo, halafu The Monk mara baada yake, ili aone Lewis alichokichukua na alichokivunja. Kitabu cha Reeve anaweza kukiweka popote anapohitaji kupumzika.